Shajara ya njia za miguu: korongo, uchochoro na daraja la mawe mtaani kwetu Mbeya

Jumapili, 12 Januari 2025

Tumeanza leo, baada ya ibada, nje ya ofisi ya mtaa. Watu walikuwa wengi kuliko viti, wengine wakakalia matofali. Mwenyekiti wetu ni mpya, ametokana na uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, na jambo la kwanza alilotaka kulisikia kwa wananchi ni njia. Hakusema barabara. Alisema njia: zile tunazopita kwa miguu kwenda sokoni, shuleni, zahanati, kanisani, msikitini na kituo cha daladala.

Mimi ni fundi ujenzi. Wamenipa ukatibu wa kamati ya njia, nami nimeahidi kuandika kila hatua hapa ili wenzetu wa mitaa mingine wanaokusudia kazi kama hii waone tulipopita na tulipokwama.

Tulianza kwa kuuliza "mnataka nini?" na majibu yakawa ya siku zote: lami, taa, mtaro, lami. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu aliponyoosha mkono. "Ndugu mwenyekiti, tusiwaulize wanataka nini. Tuwaulize jana walipita wapi kwa miguu."

Kikao kikageuka hapo hapo. Mama mmoja anayeuza ndizi alisimulia safari yake ya saa kumi na moja alfajiri hatua kwa hatua: anatoka kwake, anapita nyuma ya ghala la mbao, anashuka korongoni, anavuka magogo, anapanda ng'ambo akishikilia matete, anatokea barabara kuu kuwahi gari la Soweto, hapa hapa Mbeya. "Nikirudi na mkungu kichwani, pale kwenye magogo navua kandambili. Mguu mtupu unashika vizuri zaidi." Mtoto wa darasa la tano akasema wao wanavuka kwa kushikana mikono, mkubwa mbele, mdogo katikati. Baba mmoja anayelinda usiku akasema hana njia kabisa tangu uchochoro wa kwa mzee uzungushiwe ukuta, inambidi azunguke hadi kwenye mashine ya kusaga.

Nimejaza kurasa tisa. Sijawahi kutoka kwenye mkutano wa hadhara na kurasa tisa.

Jumamosi, 18 Januari

Tumehesabu wavukaji. Hatukuwa na kifaa chochote, kwa hiyo mama wa genge alitoa maharage: meupe kwa watu wazima, mekundu kwa watoto, na punje moja ya mahindi kwa kila aliyebeba mzigo kichwani au mgongoni. Vijana wawili walikaa kila upande wa magogo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Kila anayevuka, punje moja ndani ya kopo.

Kopo la mekundu lilijaa kabla ya saa moja na nusu, tukalazimika kutafuta lingine. Mahindi nayo hayakuwa machache, na nilipoyaona nikaelewa kitu ambacho miaka yote nimekipita bila kukitazama. Pale ndipo nusu ya biashara ya mtaa huu inapovuka, juu ya magogo matatu ya mlingoti (mkaratusi) yaliyofungwa kwa waya, bila kishikio.

Nimeyapima. Urefu wa kuvuka ni mita 6.4. Gogo la kati limeanza kuoza upande wa chini, ukilibonyeza kwa bisibisi linaingia kama kwenye kiazi kilichoiva. Kina cha korongo kutoka kwenye magogo hadi majini ni kama mita 3.

Jumamosi, 1 Februari

Siku ya ramani. Tumeichora kwa chaki kwenye sakafu ya darasa, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani.

Asiyeijua Mbeya inafaa aelewe jinsi ilivyolala. Kaskazini kuna safu ya milima, na kilele cha Loleza chenye mita 2,656 kinatutazama tukiwa tunafua. Kutoka huko vijito vinashuka kuelekea kusini, kila kimoja na korongo lake. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma yenyewe inalala mashariki-magharibi, kutoka Uyole kupita Sae, Mafiati na Kabwe hadi Iyunga na Iwambi. Sasa weka viwili hivyo pamoja. Kila mtaa wa mlimani una namna yake ya kushuka hadi barabara kuu, lakini mtaa na mtaa wa jirani haiunganiki, kwa sababu katikati kuna korongo. Ni kama vidole vya mkono: vyote vinakutana kiganjani, na kidole cha shahada kikitaka kwenda kwa cha kati ni lazima kirudi kiganjani kwanza. Kiganja chetu ni barabara ya malori.

Tulipima kwa tairi la baiskeli la inchi 28, ambalo mzunguko wake mmoja ni mita 2.2. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye spoku, kijana mmoja akasukuma na mwingine akahesabu kila kitambaa kinapogusa chini. Kutoka ofisi ya mtaa hadi lango la shule kwa kupita magogo ni mizunguko 186, yaani mita 409. Kwa kuzunguka barabara kuu ni mizunguko 955, mita 2,101. Shule ile ile, nyumba ile ile, na mtoto ni yule yule.

Niliandika namba hizo mbili kubwa ubaoni, watu wakanyamaza. Tangu leo nikikutana na mtu yeyote wa ofisini nitaanza na hizo mbili.

Mwalimu akaongeza jingine. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, ya 2022 ikahesabu 541,603. Wengi wa walioongezeka, alisema, wamejenga kule kule mlimani na pembezoni ambako njia haikutangulia nyumba. Kwa hiyo mtaa wetu haujachelewa peke yake. Jiji zima linakua kuliko vivuko vyake.

Mawazo mengine ya wakazi yaliyoandikwa pembeni mwa ramani: vibao vya majina ya vichochoro ili mgonjwa akiitiwa gari dereva aelekezwe, mifuniko ya mitaro, kwa sababu mitaro iliyo wazi imekula visigino vya wengi, kuegesha bodaboda upande mmoja tu pale mdomoni mwa njia, mijakaranda ya kivuli badala ya milingoti, maana mlingoti unakunywa maji yote, na benchi moja, moja tu, nusu ya kilima. Hilo la benchi lilitoka kwa bibi mmoja na lilipigiwa makofi mengi kuliko yote.

Jumamosi, 15 Februari

Leo tumekwenda kwa mzee mwenye ukuta. Nitaandika kwa kirefu, maana ndipo nilipojifunza zaidi.

Tulikuwa watatu: mwenyekiti, mama wa genge na mimi. Baadhi ya vijana walitaka twende na barua ya mtendaji, mama wa genge akakataa. "Kwa mzee hatuendi na karatasi. Tunakwenda na salamu."

"Ugonile, tata," alimsalimia mlangoni kwa Kinyakyusa, kwa kuwa wote wawili ni wa Rungwe.

"Ndaga," akajibu, akatuletea vigoda. Nami nikatoa shikamoo yangu, akaipokea.

Tulikaa karibu nusu saa tukizungumzia mvua, kahawa ya Tukuyu na nduguye aliyefariki Desemba, hadi mzee mwenyewe akasema, "Najua mmekujia uchochoro."

Akatueleza. Hakuujenga ukuta kwa roho mbaya. Mwaka juzi usiku walipita watu hapo wakamchukulia ng'ombe wa maziwa, na mwezi uliofuata wakamchukulia mabati. Alikwenda kulalamika mara mbili, kila mara akaambiwa ajilinde. Akajilinda. "Sasa mnaniambia mimi ndiye nimewafungia njia. Mlikuwa wapi ng'ombe alipoondoka?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akasema, "Baba, tusamehe. Ulilia peke yako." Ninaamini neno hilo ndilo lililofungua ukuta, kuliko hoja zozote zilizofuata.

Mama wa genge akamwuliza, angekubali nini? Mzee alifikiri, akatoka nje, tukamfuata. Alikanyaga ardhi kwa gongo lake sehemu mbili. Kuanzia hapa hadi hapa, akasema. Nikatandaza futi kamba: mita 1.6. Masharti yake yakawa matatu. Taa iwake hapo usiku kucha. Nyumba tatu zinazopakana zifungue madirisha kuelekea uchochoroni, zisiugeuzie mgongo. Na pikipiki isipite kamwe, miguu na toroli tu.

Ninazunguka na kazi za ujenzi huu mwaka wa kumi na nane, na sijasikia mtaalamu akieleza usalama wa kichochoro vizuri kama alivyoueleza mzee yule kwa gongo. Njia inayotazamwa na madirisha haiibi ng'ombe.

Jumamosi, 1 Machi

Uchochoro umefunguliwa. Tumevunja ukuta kwa nyundo kubwa, mawe tumeyapanga pembeni yatumike tena. Taa ya sola imenunuliwa kwa michango, mzee mwenyewe ametoa nguzo. Nguzo mbili fupi za zege tumezisimika mdomoni, sentimita 90 kati yake, ili toroli ipite na bajaji ishindwe. Bodaboda ikilazimisha itapita, kwa hiyo hapo tunategemea aibu na macho ya majirani.

Kijana wetu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, alikuja kujaribu. Imepita ikiwa imebakiza kama vidole vinne kila upande. Akacheka, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka fundi, hapa nimepita. Kule korongoni mnanijengea nini?"

Nilimwambia ngazi. Nilikuwa nimeshachora ngazi.

Akanitazama tu.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kubwa tangu Jumapili. Usiku wa kuamkia leo korongo limejaa, na gogo la kati limekwenda na maji. Asubuhi mtoto wa darasa la pili aliteleza kwenye mawili yaliyobaki. Ameshika waya, mwenziwe akamshika sweta, wakamvuta. Amechanika kiganja, ameshonwa, yuko salama. Daftari zake hazikuonekana.

Nimekaa na mama yake jioni. Hakulalamika, na hilo limeniumiza zaidi. Gogo lile nililibonyeza kwa bisibisi mwezi wa kwanza, nikaandika kwenye daftari, nikaenda nyumbani. Ilipasa nilifunge siku ile ile au niweke jingine siku ile ile. Ninaandika hapa ili yeyote atakayefuata njia yetu asifanye hivyo: ukiona ubovu wa hatari wakati wa kupima, weka futi kamba chini, tengeneza kwanza.

Tumeziba kivuko kwa miba na kamba. Maana yake watoto wote sasa wanazunguka mita 2,101.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda kusimama barabara kuu saa ya kwenda shule. Upanuzi wa njia nne unaendelea, ule wa kilomita 29 kati ya Nsalaga na Ifisi, na sote tunauhitaji. Foleni ya malori ya Zambia na Kongo imetutesa miaka mingi, na anayeishi Mbeya anajua malori yaliyokatika breki kwenye miteremko yametuachia misiba gani. Lakini mtembea kwa miguu anauona upana ule kwa jicho lake.

Hesabu ni nyepesi. Njia nne za mita 3.5 kila moja ni mita 14. Mtoto mdogo au bibi mwenye mzigo anatembea kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 14. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa maeneo ya makazi, linakata karibu mita 194 ndani ya sekunde hizo. Mtoto wa darasa la kwanza anatakiwa aone gari lililo mbali kuliko urefu wa uwanja wa mpira, akisie mwendo wake, aamue. Kukiwa na kisiwa cha katikati anavuka mita 7, anapumzika, anaangalia upande mmoja tu, anavuka 7 nyingine. Kisiwa kile ni zege kidogo sana. Kwa mtoto ni nusu ya hatari.

Mwalimu amenipa mfano wa Dar es Salaam, mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, uliopata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019. Wanachofanya ni vitu vidogo karibu na shule: njia ya waendao kwa miguu, matuta, alama za kivuko, na pengine kuhamisha lango la shule lifungukie upande usio na magari mengi. Kuhamisha lango! Tofali chache na siku mbili za fundi. Nimelizungusha duara kwenye daftari, kwa sababu lango la shule yetu nalo linatazama barabara, wakati upande wa nyuma kuna kichochoro kipana kimelala bure.

Jumamosi, 12 Aprili

Wiki tatu za ofisi. Nitafupisha.

Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, ulioanzishwa 2017. Mto ni suala la Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, ambayo kwa bahati ofisi yake iko hapa hapa Mbeya. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, kwa hiyo mtu hashuki korongoni na sururu kwa sababu tu ana nia njema. Njia yetu moja ya mita 409 inagusa milango yote hiyo. Ofisi moja ilisema barua yetu haijaonekana, nikapeleka nakala, nayo haikuonekana, nikapeleka ya tatu nikiwa na daftari la kupokelea wakasaini. Tangu hapo imeonekana. Mwenye kuanza mradi kama huu anunue daftari la kupokelea kabla hajanunua saruji.

Vipaumbele vyetu vimepita mkutano wa mtaa na vimekwenda kata kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule wa wananchi kuibua mipango yao wenyewe. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na bajeti yake ilikwisha kupangwa sisi tukiwa bado tunahesabu maharage. Kwa hiyo fedha za serikali, zikija, ni za mwaka unaofuata. Mengine ni mikono yetu.

Jumamosi, 3 Mei

Mhandisi amekuja, dada kijana, amevaa buti na anashuka korongoni kwa wepesi kuliko mimi. Jambo la kwanza aliuliza maji ya Machi yalifika wapi. Tulimwonyesha majani makavu na plastiki zilizonasa kwenye matete. Akapaka alama nyekundu kwenye jiwe. "Daraja linaanzia juu ya hii, fundi. Chini ya hii ni mali ya mto."

Nilikuwa nimeandaa mchoro wa daraja la zege na nondo. Akauliza bei ya nondo, akauliza mtaa una mawe kiasi gani. Nikacheka, maana Mbeya ukichimba shimo la choo unapata mawe ya kujengea choo. Ndipo akatueleza madaraja ya mawe ya upinde, ambayo yamejengwa mengi mkoani Kigoma na ambayo TARURA wanayajenga sehemu nyingine pia. Hayana nondo hata moja. Mawe, mchanga, saruji na mbao za kuyashikilia yakijengwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya zege lenye nondo, na sehemu kubwa ya fedha inabaki kwa mafundi na wabeba mawe wa hapo hapo.

Nilimwuliza mbona halidondoki. Aliokota mawe mawili, akayabana kwa viganja, akaniambia niweke la tatu katikati. Nikaliweka, likakaa hewani. "Jiwe halipendi kuvutwa, linapenda kubanwa. Kwenye upinde kila jiwe linabanwa na mwenzake. Ila upinde hausukumi chini tu, unasukuma na pembeni. Kwa hiyo msingi wa pembeni lazima uegemee mwamba." Tukachimba kupima pande zote mbili. Upande wa mashariki tumeukuta mwamba kwa mita 0.8. Magharibi kwa mita 1.5.

Na suala la yule kijana. Nimemweleza mhandisi wazi kwamba nilichora ngazi na nimekosea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ipo, lakini mimi sikukumbushwa na sheria, nimekumbushwa na mtu aliyenitazama. Mteremko unaofaa baiskeli yake ni 1 kwa 12, yaani kushuka mita 1 kunahitaji mita 12 za njia. Tungeshuka mita 3 zingekuwa mita 36 kila upande. Kwa kuinua daraja juu ya alama nyekundu tunabakiza kushuka mita 1.2 tu, sawa na mita 14.4. Zinakaa, zikikunjwa mara moja na kuwekewa pumziko katikati. Na hiyo njia ya mlalo, yenye mteremko mdogo bila ngazi, itapitwa na mama mwenye mkungu, toroli la maji, mjamzito, mzee wa gongo. Tulidhani tunamfanyia mtu mmoja. Ngazi tutaziweka pembeni kwa wenye haraka.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua zimekwisha, baridi imeshika. Kibali kimetoka. Msaragambo wa kwanza wa mawe, yaani kazi ya pamoja ya mtaa mzima.

Tuliamka na ukungu, watu wamejifunga mashuka juu ya makoti. Wanaume wanabeba makubwa kwa machela ya milingoti, kina mama wanapokezana madogo kwa mstari, watoto wanaleta mchanga kwa visado vya rangi. Mtaa wa ng'ambo nao wamekuja, mara ya kwanza naona mitaa yetu miwili ikifanya kazi moja. Wazee wao wawili walisoma darasa moja na mzee wetu wa ukuta, hawakuwa wamekaa pamoja muda mrefu kwa sababu hakuna kati yao anayeweza kuvuka magogo. Wamekaa kwenye rundo la mawe tangu saa tatu hadi saa saba wakizungumza.

Jumamosi, 28 Juni

Misingi ya pembeni imekamilika pande zote. Lango la nyuma la shule limefunguliwa. Kamati ya shule imekubali, uongozi umeandika barua, tofali tumebomoa siku moja. Watoto wote wa upande wa mlimani sasa hawaigusi barabara kuu mwisho wa safari, ingawa katikati bado wanazunguka.

Jumamosi, 2 Agosti

Wiki ya upinde. Mbao za kushikilia zimekatwa kwa kufuata kamba iliyofungwa kwenye msumari, nusu duara iliyobonyea. Tumejenga kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, jiwe huku, jiwe kule, ili mzigo usiegemee upande mmoja ukasukuma mbao. Hii ilikuwa kazi ngumu kwangu, maana fundi wa hapa amezoea kumaliza ukuta mmoja ndipo ahamie mwingine. Nilijenga mashariki, fundi wa mtaa wa ng'ambo akajenga magharibi, na kila tukimaliza mstari tunainua mkono kabla ya kuanza unaofuata.

Jiwe la mwisho la katikati nimelichonga mara tatu. Mara ya kwanza nene, ya pili likavunjika pembe. La tatu liliingia kwa kugongwa na mpini wa nyundo, taratibu, hadi mlio ukabadilika. Mlio wa jiwe lililobanwa ni mwingine kabisa, mfupi na mkavu. Fundi mwenzangu aliusikia kutoka upande wake, akaweka mwiko chini.

Wengine wanajiandaa kwenda Uyole kwenye Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale. Sisi tunamwagilia upinde asubuhi na jioni na kuufunika kwa magunia, kwa sababu jua la Agosti hapa ni kali hata kukiwa na baridi, na udongo wa saruji ukikauka haraka unapasuka.

Jumamosi, 30 Agosti

Siku 28 zimetimia. Mhandisi alisimamia kulegeza kabari za mbao, moja moja, kuanzia katikati kwenda pembeni. Upinde ulishuka milimita mbili kwa kipimo chake, ukatulia. Mimi nilikuwa chini yake na pimamaji, na sikuhema vizuri hadi aliposema "toka sasa".

Jumamosi, 20 Septemba

Kuta za pembeni zimeinuliwa, kifusi kimeshindiliwa, kishikio cha bomba kimechomelewa pande zote, kimoja cha juu kwa watu wazima na kimoja cha sentimita 60 kwa watoto. Njia ya mlalo ya mashariki imekamilika. Ya magharibi imebakiza mita 5, saruji iliisha, mchango unaendelea.

Kijana wa baiskeli alivuka jana jioni, kabla hatujafungua rasmi. Alisimama katikati, akageuza, akarudi, akavuka tena. Upande wa magharibi tulimbeba hizo mita 5. Alisema tusijali, lakini nimejali, na Jumatatu naanza nazo kabla ya kazi nyingine yoyote.

Benchi la bibi liko nusu ya kilima, mbao ya mlingoti juu ya mawe ya ukuta wa mzee.

Bado kuna kisiwa cha katikati pale barabara kuu. Barua imepokelewa na kusainiwa tarehe 11. Jumatano saa nne tumeitwa kuonana na wahusika, nasi tunakwenda wanne: mwenyekiti, mwalimu, mama wa genge na mimi. Nimeandika zile namba mbili kwenye karatasi ya mbele, na mama wa genge anabeba makopo yake ya maharage.